Tembo Lisilotiwa Maji

Katika miaka 39 ya kazi yangu ya ualimu nilifundisha methali moja pengine mara mia: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Niliiandika ubaoni, nikawatungisha watoto insha, nikazisahihisha kwa wino mwekundu. Maana niliyowapa ni ile ile waliyonipa walimu wangu, kwamba mtu asilewe sifa akaharibu kazi yake. Sikuwahi kuwauliza swali lililo jepesi kuliko yote, yaani huyo mgema ni nani, na tembo lake lilikuwaje kabla halijatiwa maji. Nilikuwa na sababu yangu ya kutouliza. Sababu hiyo niliificha kwa zaidi ya miaka 50, ikaja kunitoka kinywani nikiwa ugenini, mbele ya bilauri ya mvinyo, katika mji wa Paris.

Binti yangu wa pili ameolewa huko na anafanya kazi huko. Mwezi wa Aprili 2024 alinitumia tiketi, nami nikiwa na miaka 75 nikapanda ndege kwenda kuwaona wajukuu. Wanaishi katika wilaya ya 11 ya mji, upande wa mashariki, mahali penye nyumba ndefu na maduka madogo madogo chini yake. Jioni moja mkwe wangu alisema, kwa heshima kama kawaida yake, kwamba angependa kunipeleka mahali wanapokwenda majirani baada ya kazi. Nilivaa koti na tai. Nilipofika nikaona nimejipamba bure.

Palikuwa ni chumba kimoja, hakizidi darasa dogo. Ukuta mzima ulijaa chupa mpaka darini. Kulikuwa na meza chache, kaunta ya mbao, na ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki, nao ulinifariji kama mtu ninayemfahamu. Hapakuwa na chakula cha kushibisha. Vililetwa visahani, kimoja kimoja, vikawekwa katikati ya meza: jibini, nyama iliyokaushwa na kukatwa nyembamba kama karatasi, samaki wadogo wa kopo pamoja na siagi na mkate, figili mbichi na chumvi. Kila mtu alichota kutoka kisahani kile kile. Nikasema moyoni, kumbe na hawa wanajua kula sinia moja.

Mwenye mahali pale alikuwa mwanamke wa makamo, mikono imekakamaa kama ya mkulima. Mkwe wangu aliagiza, nami nikalisikia neno moja katika maneno yake: du vin. Nikashtuka. Tangu utoto wangu kanisani nimesema divai, na kamusi nimezifungua maisha yangu yote, lakini siku ile ndipo sikio langu lilipolipokea neno hilo likitoka kwa wenyewe. Lugha yetu ina kumbukumbu nzuri ya wageni. Mvinyo tulipewa na Wareno. Divai ni neno la Wafaransa, ambao mapadre wao walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868. Tembo ni la kwetu.

Yule mama alinimiminia kidogo nionje. Nilitazama bilauri nikadhani imekosewa. Mvinyo ulikuwa wa rangi ya chungwa hafifu, una ukungu, na mashapo yametulia chini. Nilipounusa, harufu yake ilikuwa chachu, ya kitu kilicho hai. Nikanywa. Nikasema kwa Kiswahili, bila kufikiri, "Hili ni tembo lililolala."

Binti yangu alicheka, kisha akanitazama. "Baba, tembo umelijulia wapi wewe?"

Sikumjibu. Nilifanya kama tufanyavyo walimu tunapobanwa, nikauliza swali langu mwenyewe. Nikamwuliza mkwe wangu imekuwaje watu walioufundisha ulimwengu kutengeneza mvinyo mweupe kama kioo waje kulipa yuro 7 kwa bilauri moja ya mvinyo wenye matope. Yeye ni mtu wa kusini, wa Languedoc, nako babu zake walilima zabibu. Swali langu lilimfurahisha. Aliyonieleza jioni ile, pamoja na niliyoyasoma baadaye, nayaweka hapa kwa ufupi.

Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo aliyekuja na miche ya mizabibu kutoka Marekani aliingia mashamba ya Ufaransa akala mizizi. Mashamba mengi yakafa. Dawa iliyopatikana ni kuunganisha vikonyo vya mizabibu ya Kifaransa juu ya mashina ya Kimarekani ambayo mdudu hayawezi. Lakini miaka ile ya uhaba watu walikuwa wamekwisha kujifunza njia za mkato. Walitengeneza mvinyo kwa zabibu kavu, kwa sukari na maji, na mvinyo halisi wakauongeza maji. Mashamba yaliporudi katika hali yake, mvinyo wa uongo haukuondoka sokoni. Bei ikaanguka, wakulima wa kusini wakawa hawana pa kuuza.

Mwaka 1907 waliinuka. Kiongozi wao aliitwa Marcelin Albert, mkulima na mwenye kilabu katika kijiji cha Argeliers. Tarehe 9 Juni mwaka ule mji wa Montpellier ulijaa mamia ya maelfu ya watu. Baada ya siku chache askari walifyatua risasi mjini Narbonne, watu wakafa. Tarehe 29 Juni 1907 ikapitishwa sheria ya kuzuia mvinyo kutiwa maji na kuongezwa sukari kupita kiasi, na mwezi wa Septemba serikali ikaeleza kwamba mvinyo ni kile tu kinachotokana na kuchachuka kwa zabibu mbichi au maji yake.

Msomaji wangu, nilipofika hapo niliweka bilauri chini. Taifa kubwa lilihitaji maandamano, maiti na bunge ili kusema jambo ambalo mhenga wetu mmoja, asiyejulikana jina, alilisema kwa maneno matano. Methali ile ambayo mimi niliifanya somo la adabu ilikuwa pia kipimo cha biashara. Ilisema kwamba liko tembo la kweli na liko lililotiwa maji, na kwamba mnywaji anajua tofauti.

Mambo hayakuishia 1907. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakulima walipata mbolea za viwandani na dawa za kuua magugu, na watengenezaji wakapata hamira za kununua, vichujio, na salfa kwa wingi. Salfa si uovu. Hulinda mvinyo usioze, na kwa kipimo kidogo imetumika siku nyingi. Lakini mvinyo ukaanza kufanana, kama watoto waliokariri jibu moja. Mtu mmoja wa Beaujolais, Jules Chauvet, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1907 na kufa 1989, alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo na pia mwanakemia. Alionyesha kwamba zabibu safi, zilizolimwa vizuri, zaweza kuchachuka kwa hamira zake zenyewe bila kuongezwa kitu, iwapo mtengenezaji ni mwangalifu na msafi. Marcel Lapierre wa kijiji cha Villié-Morgon alimfuata, na wengine wakamfuata Lapierre. Ndio walioleta mvinyo huu unaoitwa wa asili, na ndio waliozaa vyumba kama kile nilichokaa.

Mwaka 2020 serikali ya Ufaransa iliukubali mkataba wa watengenezaji hao. Zabibu zilimwe bila dawa za viwandani, zichumwe kwa mkono, zichachuke kwa hamira zake, kisitiwe kitu. Salfa isiongezwe, au ikizidi sana isifike miligramu 30 katika lita moja, na chupa iseme ni ipi kati ya hizo mbili. Sheria ya Ulaya huruhusu miligramu 150 kwa mvinyo mwekundu wa kawaida na 200 kwa mweupe. Na mvinyo uliotengenezwa baada ya tarehe 8 Desemba 2023 unapaswa kutaja vilivyotiwa ndani yake.

Nisiwapambe kupita kiasi. Chupa ya pili tuliyofunguliwa ilikuwa mbovu. Mama yule aliionja, akakunja uso, akaiondoa. Wafaransa husema mvinyo kama ule una ladha ya panya. Asiyetia kitu hana pa kujificha akikosea, nayo ni hasara yake. Nilipenda kwamba hakujaribu kutuuzia.

Binti yangu alikuwa bado ananingoja. "Baba, hujanijibu."

Basi nikamwambia. Babu yake hakuwa mkulima kama nilivyomwambia tangu akiwa mtoto. Alikuwa mgema.

Kwetu ni pwani ya Tanga. Baba yangu alikodi minazi 12 ya mtu mwingine, akimlipa kila mwezi. Alipanda alfajiri na jioni, kotama kiunoni, akikanyaga vidato alivyovichonga katika shina. Alilifunga panda la mnazi kwa kamba kabla halijafunguka, akalikata ncha, na kila siku akalipunguza kidogo sana, wembamba wa ukucha, ili utomvu usikauke. Ulidondoka kibuyuni mchana na usiku. Asubuhi lilikuwa tembo tamu ambalo hata sisi watoto tuliruhusiwa kulionja. Jioni lilikuwa kali, siku ya tatu siki. Hakuna aliyelitia hamira. Hamira ilikuwa hewani na katika kibuyu chenyewe. Nyumbani palikuwa na kibanda cha makuti na mabenchi mawili. Mama alikaanga samaki wadogo, akachoma muhogo, akaviweka katika visahani na pilipili, watu wakila na kunywa. Kule Paris mnunuzi ndiye aliyeonjeshwa kwanza. Kwetu muuzaji ndiye aliyeonja kwanza, mbele ya macho ya watu, kuondoa shaka. Fedha ya karo yangu, ya daftari zangu, na ya viatu vyangu vya kwanza ilitoka katika kibanda kile.

Mwaka 1968 nilipata nafasi ya chuo cha ualimu. Zikaja fomu. Palikuwa na mstari uliosema: Kazi ya baba. Wakumbuke wasomaji wa rika langu hali ya siku zile. Azimio la Arusha lilikuwa limetoka mwaka 1967, na Elimu ya Kujitegemea mwaka ule ule. Tulikuwa taifa la wakulima na wafanyakazi. Mgema alikuwa nani katika hao? Serikali ya kikoloni ilikuwa imetia vileo vyetu katika fungu moja, pombe ya wenyeji, kitu cha kupewa kibali na kupekuliwa. Kabla ya hapo, mkutano wa mataifa makubwa uliofanyika Brussels mwaka 1890 ulichora ramani ya Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini mpaka nyuzi 22 kusini, ukazuia pombe kali kuingizwa kwa wenyeji. Sikatai kwamba pombe ile ya Ulaya ilikuwa ikiua watu. Lakini tulifunzwa tangu hapo kwamba kileo cha mzungu ni bidhaa na kileo cha Mwafrika ni tatizo. Na ajabu ya historia ni kwamba zaidi ya miaka 1,900 iliyopita, katika kitabu cha mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki juu ya bahari hii yetu, imeelezwa kwamba merikebu zilileta mvinyo na ngano pwani ya Azania, si kwa kuuza, bali kuwapendeza wenyeji. Walikuja na zawadi ya kinywaji, maana walijua wanakwenda kwa watu.

Hayo nimeyajua uzeeni. Mwaka 1968 nilijua tu kwamba mtoto wa mgema alichekwa, na Wakristo wenzetu kanisani na majirani zetu Waislamu waliona aibu moja. Nikaandika: mkulima. Baba yangu hakujua kusoma. Akaniambia, "Nisomee, mwanangu, nisikie ulivyoandika." Nikamsomea mstari kwa mstari. Nilipofika pale nikasoma: mgema. Alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alifariki mwaka 1979 akiamini kwamba serikali inayo karatasi yenye kazi yake.

Binti yangu alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Babu alikuwa akitia maji?"

Nikasema, "Hakutia hata siku moja."

Mama mwenye mahali pale aliona kwamba meza yetu imepoa, akauliza kuna nini, na binti yangu akamweleza. Nilidhani atatoa pole. Badala yake alivuta kiti, akaketi, akaanza kuniuliza maswali ya kazi. Utomvu huanza kuchachuka baada ya saa ngapi? Nikajibu, mara tu unapoanza kudondoka. Kibuyu huoshwa au huachwa na mashapo ya jana? Sikujua kwa hakika. Na tembo la mwezi gani ndilo bora? Hilo nalo sikulijua. Nilikuwa nimekaa miaka 18 katika nyumba ya mgema nikigeuza uso, nikafaulu mitihani yote ya watu wengine, na jioni ile nikashindwa maswali mawili katika matatu. Maishani mwangu mwote hakuna aliyekuwa ameniuliza juu ya kazi ya baba yangu kama mtu anavyouliza juu ya kazi.

Niliporudi nyumbani, mwezi wa Juni 2024, nilikwenda kijijini kutafuta majibu. Wagema wamebaki wachache, na minazi mingi imezeeka. Nilimpata mzee mmoja tuliyelingana umri. Nikamwamkia, nikamwambia mimi ni mtoto wa fulani, akamkumbuka baba yangu na hata minazi yake. Kibuyu, alisema, husuuzwa lakini hakisuguliwi, maana ukikisugua sana tembo linachelewa kuamka. Na tembo bora ni la kiangazi. "Masika ni jingi lakini jepesi, Mwalimu. Mvua inaingia kibuyuni. Hapo si mgema anayelitia maji, ni Mungu mwenyewe." Kisha akaniambia kwamba baba yangu alikuwa akifunika vibuyu vyake kwa vipande vya karara siku za mvua, vyote 12, na kwamba wenzake walimcheka kwa kujipa kazi ya bure. Hilo sikulijua.

Limebaki jambo moja ambalo binti yangu sikumwambia jioni ile, nalo nalisema hapa kwa mara ya kwanza. Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi ya pwani. Kijana wa darasa la sita alianza kuchelewa, na nguo zake zilinuka tembo. Nilijua sababu. Hakuna mtu katika shule ile aliyeijua kama mimi. Baba yake alikuwa mgonjwa, naye alikuwa akipanda minazi alfajiri mahali pake, kwa sababu panda lisipokatwa siku mbili limekufa. Nilimsimamisha mbele ya gwaride nikamwambia kwamba shule si kilabu. Watoto wakacheka. Alikuja siku mbili nyingine, kisha hakuja tena. Mwisho wa mwezi nilifungua daftari la mahudhurio nikaandika mbele ya jina lake: mtoro.

Si kwamba nasifu ulevi. Nimeona mishahara ikiishia kilabuni na watoto wakilala njaa, na ningali nasema hivyo kwa yeyote anayeniuliza. Lakini mgema na mlevi ni watu wawili, na nilikuwa na elimu ya kutosha kuwatenganisha.

Maneno mawili, basi, niliyaandika kwa mkono wangu nikijua si kweli, mkulima na mtoro. Yote mawili niliyatia maji, na hakuna aliyekuwa amenisifu. La kwanza nimelisahihisha. Katika daftari la ukoo ninalowaachia wajukuu, mbele ya jina la baba yangu, nimeandika mgema, na chini yake nimeandika habari ya karara na vibuyu 12. Daftari lile la mahudhurio halipo tena mikononi mwangu, na yule kijana, ambaye sasa ni mtu mzima wa miaka zaidi ya 50, nimemwulizia nisimpate. Kwa hiyo naandika hapa, mahali pekee nilipo na ruhusa ya kuandika: hakuwa mtoro. Alikuwa kazini.